Dawa ya Magoti na Figo za Mzee

Kwa wazee wengi wa Makumira, maumivu ya magoti si jambo geni. Wamehudumia migomba na kahawa kwa miaka mingi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mzee wa namna hii huenda ana shinikizo la juu la damu pia, naye hutumia enalaprili na haidroklorothiazaidi alizoandikiwa kliniki. Magoti yanapozidi kuuma, huenda zahanati au duka la dawa muhimu, akapewa diklofenaki. Kila dawa, ikitazamwa peke yake, ina sababu yake. Hatari hutokea zinapokutana.

Figo huchuja damu kwa kutegemea msukumo wake. Haidroklorothiazaidi huongeza mkojo na kupunguza maji mwilini. Enalaprili hulegeza mshipa mdogo unaotoa damu kwenye chujio, nayo diklofenaki hubana ule unaoiingiza. Msukumo ukishuka mno, figo zaweza kushindwa kazi ghafla, hasa mzee anapoharisha au kutapika. Aidha, diklofenaki na aibuprofeni zaweza kupandisha shinikizo lile lile linalotibiwa, kuzidisha ugonjwa wa moyo na kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu.

Hali hii yaweza kupunguzwa. Utafiti uliofanyika Scotland na kuchapishwa mwaka 2016 ulihusisha kliniki 33 za huduma za msingi. Madaktari walipewa mafunzo, malipo madogo ya motisha na programu ya kompyuta iliyowaonesha wagonjwa wa kupitiwa upya. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa hatarini, walioandikiwa dawa hizo za maumivu au aspirini na jamii yake kwa namna ya hatari walishuka kutoka asilimia 3.7 hadi 2.2. Waliolazwa kwa vidonda vya tumbo au kuvuja damu tumboni walipungua pia.

Mahali pasipo na programu hiyo, daftari la mgonjwa na maswali matatu vyaweza kusaidia. Je, mzee anatumia dawa gani nyingine, zikiwamo za dukani na za mitishamba? Figo, moyo na tumbo lake vina hali gani? Je, ipo njia salama zaidi, kama parasetamoli kwa kipimo sahihi, dawa ya kupaka au mazoezi ya misuli ya mapaja? Maswali hayo yafaa pia kabla ya kutoa glibenklamaidi, ambayo yaweza kushusha sukari kupita kiasi, au diazepamu, ambayo huongeza hatari ya kuanguka.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aendapo kutibiwa, abebe dawa zake zote katika mfuko mmoja, na anunuapo dawa ya maumivu aseme kwamba anatumia dawa za shinikizo. Asiache dawa za shinikizo bila ushauri. Akiona choo cheusi kama lami, mkojo umepungua au miguu imevimba, awahi kituo cha afya akiwa na mfuko huo.