Mgeni Alivyowatimua Wenye Nyumba

Hakuna kitu kinachowauma vigogo wa chama chochote kama kumwona mtu aliyeingia juzi anakalia kiti walichokuwa wanakigombea wao. Wao wamelipa ada miaka na miaka, wamepiga makofi mikutanoni mpaka viganja vimeota sugu. Mara anatokea jamaa kutoka huko nje, anawapiga chenga wote na kutia mpira wavuni!

Hayo ndiyo yaliyowakuta wakubwa wa Republican kule Marekani mwaka 2016. Nimeamua leo tuipitie kasheshe ile taratibu, kwa sababu vijiweni naisikia ikisimuliwa nusu nusu. Utamsikia mtu anasema, "Watu walimpenda Trump, basi." Jamani, haikuwa rahisi hivyo.

Donald Trump alitangaza kugombea Juni 16, 2015, kwenye jengo lake la Trump Tower, New York. Hakuwahi kuwa mbunge, gavana, waziri wala mwanajeshi. Watu walimjua kwa majumba yake na kwa kipindi cha televisheni, The Apprentice, kilichoanza mwaka 2004, ambamo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafukuza watu kazi. Tena miaka ya nyuma aliwahi kujiandikisha kama Democrat, yaani chama cha wapinzani. Mgeni wa aina gani tena unamtaka zaidi ya huyo?

Alikuta foleni ndefu. Wagombea wakubwa walifika 17. Alikuwapo Jeb Bush, gavana wa zamani wa Florida, baba yake rais na kaka yake rais, huku kundi lililokuwa likimsaidia likiwa limekusanya zaidi ya dola milioni 100. Walikuwapo maseneta Marco Rubio na Ted Cruz, na John Kasich, gavana wa Ohio. Kwa hesabu za wazee wa chama, hapo Trump alikuwa kichekesho cha kupitishia muda.

Sasa kwa nini wapiga kura walimng'ang'ania? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza, hasira. Kuna miji kule ambayo viwanda vilifungwa, kazi zikahamia Mexico na China, na wanasiasa wa vyama vyote viwili walikuwa wameipigia debe mikataba ile ya biashara. Trump akasimama akasema wazi kwamba mikataba ile ni mibovu. Akaongeza habari ya wahamiaji na ukuta mpakani. Ukikubali au ukikataa, alikuwa anasema maneno ambayo wapiga kura wengi wa chama kile walikuwa wanayasema sebuleni kwao, na viongozi wao walikuwa wanayakwepa.

La pili, pesa. Aliwaambia watu kwamba yeye ni tajiri, hanunuliki, na wale wenzake wote wamefungwa kamba na matajiri wanaowachangia. Kwa mtu aliyechoka kuona kiongozi wake akiitikia simu za wenye fedha tu, maneno hayo ni matamu kama embe la msimu.

La tatu, matusi ya wakubwa yalimjenga badala ya kumbomoa. Julai 2015 alimkejeli John McCain, aliyeteswa gerezani Vietnam, na magazeti yakaandika kwamba huyu sasa kwisha habari yake. Wapi! Machi 2016 Mitt Romney, mgombea wa chama hicho mwaka 2012, alitoa hotuba nzima ya kumponda. Wafuasi wa Trump wakasema, kumbe! Kama wale wale waliotuangusha ndio wanamchukia, basi huyu ndiye wetu.

Na kiu ya mtu wa nje haikuwa kwa Trump peke yake. Mwishoni mwa 2015 Ben Carson, daktari wa upasuaji wa ubongo ambaye naye hakuwahi kushika cheo cha siasa, aliongoza baadhi ya kura za utafiti. Watu walitaka sura mpya, yoyote ile.

Lakini shikeni hapa, washikaji, maana utamu wa stori uko kwenye hesabu.

Iowa, Februari 1, 2016, Trump alishindwa na Cruz. New Hampshire akashinda kwa asilimia 35. South Carolina akapata kama asilimia 32 na nusu, yaani kati ya kila watu watatu, wawili walimkataa. Je, alipata wajumbe wangapi wa jimbo lile? Wote 50! Kanuni za pale zilimpa aliyeongoza. Rubio na Cruz walipata kila mmoja asilimia kama 22, wakaondoka mikono mitupu. Bush akafunga virago usiku ule ule.

Haikutokea jimbo hata moja ambalo Trump alivuka nusu ya kura mpaka New York, Aprili 19. Kufikia Mei 4 Cruz na Kasich walikuwa wameshajitoa. Mwisho wa yote alikuwa na kura kama milioni 14, chini kidogo ya asilimia 45. Wapinzani wake walisubiriana, kila mmoja akiomba mwenzake ajitoe kwanza. Fahali wawili wakipigana, nyasi huumia. Hapa fahali walipigana, na nyasi ikashinda!

Mwaka ule ule, ng'ambo ya pili kwa Democrats, alikuwapo mgeni mwingine. Bernie Sanders, seneta wa Vermont, mzee aliyekaa bungeni miaka mingi kama mgombea huru. Vijana walimfia. New Hampshire alimchapa Hillary Clinton kwa asilimia 60 kwa 38. Hasira zilikuwapo, michango midogo midogo ilimiminika, mikutano ilifurika. Ila baada ya Iowa walibaki wawili tu, na wajumbe waligawanywa kulingana na kura. Hapakuwa na mwanya wa kupenya kwa theluthi. Sanders akaishia asilimia 43, karibu sawa na Trump, na akaenda nyumbani.

Umeona? Wageni wawili, asilimia karibu zile zile, mmoja Ikulu, mwingine benchi.

Hata sisi tunayo kumbukumbu. Dodoma mwaka 1995, mkutano mkuu wa CCM ulipiga kura kati ya Kikwete, Mkapa na Msuya. Kikwete aliongoza raundi ya kwanza bila kuvuka nusu. Ikaitishwa ya pili, Mkapa akapita. Hakuna mgeni pale, wote wenye nyumba. Lakini kanuni ya raundi moja ingetupa rais mwingine mwaka ule.

Kwa hiyo kijana, siku nyingine ukisikia mtu kapita kura za maoni kwa kishindo, usiulize tu anapendwaje. Uliza walikuwa wangapi, kapata asilimia ngapi, na nani aliandika kanuni. Na kama chama chako kina mchujo na wewe ni mwanachama, usibaki kijiweni siku hiyo. Theluthi moja ya waliojitokeza inaweza kukuchagulia rais.