Sataranji na Ngazi za Ghorofa

Mwaka jana tulialikwa kushuhudia mashindano ya sataranji ya vijana mjini Mombasa. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, wala hapakuwa na lifti. Chini ya ngazi tulimkuta kijana juu ya kiti cha magurudumu, mkononi ameshika risiti ya ada aliyokwisha kulipa. Waandaaji walimwambia kwa upole angoje mwakani. Sisi tulipanda, yeye akarejea kwao. Hadi leo twaona haya.

Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu mchezo huu, na kamari haina mjadala. Lakini maadamu tumewafungulia watoto wetu mlango, si haki kumfungia mmoja kwa sababu ya miguu yake.

Kanuni za shirikisho la dunia, FIDE, hazikumsahau mlemavu. Kipofu huruhusiwa kutumia ubao wake mwenyewe, wenye miraba myeusi iliyoinuka kidogo na tundu la kushikiza kete katika kila mraba; kete nyeusi nazo hutiwa alama ya kupapasa. Mpinzani hutumia ubao wa kawaida, na kila mmoja hutaja hatua yake kwa sauti. Kipofu hahesabiwi kuwa amegusa kete mpaka aing'oe tunduni. Asiyeweza kuzisogeza kete huwekewa msaidizi aliyeridhiwa na mwamuzi. Mwaka 2023, mjini Belgrade, Serbia, ilifanyika Olimpiadi ya kwanza ya sataranji ya watu wenye ulemavu.

Nasi tuna Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma. Yatakiwayo si makubwa: ukumbi wa chini, ubao wa mteremko mlangoni, nafasi ya kiti baina ya meza, choo kinachofikika, matangazo yaliyoandikwa kwa ajili ya viziwi, na swali moja katika fomu: "Wahitaji nini ili ucheze?" Swali hilo liulizwe kabla ya kukodi ukumbi, si siku ya mchezo.

Madrasani twawasomesha watoto habari za Abdullahi bin Ummi Maktum, sahaba kipofu. Mtume (s.a.w.) hakumpa huruma tupu; alimpa kazi ya kuadhini. Kijana yule naye hakuja kuomba huruma. Alikuja kucheza.

Wabillahi tawfiq.