Chaji Haikai: Betri Mpya au Kampuni Mpya?

Mtu ambaye simu yake humzimikia saa nane mchana huwa ameshatoa hukumu kabla hajafika dukani: kampuni hii haifai. Mwenye Tecno anataka Samsung, mwenye Samsung anaitamani iPhone, na mwenye iPhone aliyechoka kutembea na waya mfukoni anaulizia Infinix. Maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi yanaishi kwa hukumu hizo. Ukiingia na pesa mkononi na hasira kichwani, hakuna atakayekuuliza simu yako ya sasa ina umri gani. Mimi naanzia hapo, kwa sababu jibu lake laweza kukuokolea maelfu ya shilingi.

Betri ya simu huzeeka kwa mizunguko. Ukitumia nusu ya chaji leo na nusu kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Apple husema betri za iPhone 14 na zilizoitangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500; kuanzia iPhone 15 inataja 1,000. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unadai kwamba simu mpya zinazoingia sokoni kwake zivumilie mizunguko 800 bila kushuka chini ya asilimia hiyo 80. Sasa mkazi wa Kangemi anayemaliza chaji moja kila siku hufikisha mizunguko 500 katika mwaka mmoja na miezi minne hivi. Mwendesha boda anayepeleka vyakula Westlands na Kilimani, ramani ikiwaka kutwa, simu imefungwa kwenye usukani na jua linaichoma, anaweza kuifikisha kwa miezi minane. Tena joto peke yake huichosha betri, hata mizunguko ikiwa michache.

Kwa hiyo simu ya miaka miwili isiyokaa na chaji haijathibitisha lolote kuhusu kampuni iliyoiunda. Imethibitisha kwamba ina miaka miwili. Ukihamia kampuni nyingine utafurahi, tena sana, lakini sehemu kubwa ya furaha hiyo ni betri mpya iliyomo ndani. Apple ilijifunza hili kwa gharama. Desemba 2017 ilikiri kwamba ilikuwa ikizipunguza kasi iPhone zenye betri zilizochoka, ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2019, Tim Cook aliwaandikia wawekezaji akitaja betri hizo za bei nafuu miongoni mwa sababu za mauzo ya iPhone kupungua. Watu walitia betri mpya, wakaona hawana haja ya simu mpya.

Tupige hesabu, na namba hizi ni za mfano. Weka zako utakazopewa dukani. Tuseme kubadilisha betri pamoja na kazi ya fundi ni shilingi 2,500, na betri hiyo itakusogeza miezi 18. Hapo unalipa kama shilingi 140 kwa mwezi. Tuseme upande wa pili kuna simu mpya ya 20,000, kava na kioo cha kulinda skrini 800, kichwa cha chaja 1,500, kisha unaiuza ya zamani kwa 4,000. Umetoa 18,300 mfukoni. Hata ukikaa nayo miaka mitatu na kuibadilishia betri katikati kwa 2,500 ile ile, bado ni karibu shilingi 580 kwa mwezi. Tofauti hiyo ya 440 ndiyo bei halisi ya kuhama. Huenda inafaa, kama hifadhi ya simu ya zamani imejaa, simu inakwama, au haipati tena masasisho ya usalama. Kwa ajili ya chaji pekee, haifai.

Kuna na jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulieleza. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na zote hukarabatiwa katika vituo vya Carlcare. Anayetoka Tecno kwenda Infinix kwa hasira amehama chumba. Nyumba ni ile ile.

Swali la nani akubadilishie betri linataka subira. Kituo rasmi kitakutoza zaidi ya fundi wa kibandani, na huenda ukaambiwa urudi kesho. Lakini kwa betri, mimi ningelipa hiyo ziada bila kunung'unika. Betri feki haitambuliki kwa macho: lebo inaweza kuandikwa namba yoyote, na utaijua miezi mitatu baadaye inapoanza kuvimba na kuinua skrini. Uliza bei kamili pamoja na kazi, uliza betri yenyewe ina waranti ya muda gani, kisha uandikiwe. Waranti ya betri na chaja mara nyingi huwa fupi kuliko ya simu, na watu hugundua hilo wakiwa kaunta. Ukimwendea fundi wa mtaani, na wapo mafundi hodari sana, simama hapo akifungua na uondoke na betri yako ya zamani.

Hayo ni ya simu iliyozeeka. Kama simu yako haijatimiza mwaka na tayari inakufa mapema, hapo una kesi, na hapo ndipo ulinganisho wa kampuni unapoanza kuwa na maana, ingawa si kwa namna inayosemwa mtaani.

Kwenye boksi la karibu kila simu ya bei ya kati utasoma 5,000 mAh. Samsung Galaxy A05 ina 5,000. Redmi 13C ina 5,000. Tecno Spark 20 ina 5,000, na Infinix Hot 40i pia. Namba hiyo ni ukubwa wa tangi. Haisemi injini inakunywa kiasi gani. Tatu za kwanza zinaendeshwa na chipu ya Helio G85 na ya nne na Unisoc T606, zote za teknolojia ya nanomita 12, ambayo ni ya kizamani na hutumia moto mwingi kwa kazi ile ile. Panda ngazi moja ndani ya kampuni hizo hizo: Galaxy A15 ya 4G, Spark 20 Pro na Hot 40 Pro zina chipu za familia ya Helio G99, na Redmi Note 13 ya 4G ina Snapdragon 685. Hizo ni za nanomita 6. Betri bado ni 5,000. Mpaka wa kuuvuka, basi, unapita katikati ya kila kampuni. Anayetoka Spark 20 kwenda Galaxy A05 akidhani jina la Samsung litamwongezea saa za chaji amebadilisha nembo na kubaki na chipu ile ile. Angekaa Tecno na kupanda hadi Pro angepata zaidi.

Skrini nayo ina neno. Simu nyingi za ngazi hiyo ya juu hujionyesha upya mara 90 au 120 kwa sekunde, jambo linalopendeza kwa siku mbili na kula chaji kwa miaka miwili. Irudishe 60 kwenye mipangilio. Skrini za AMOLED, kama za A15 na Redmi Note 13, huzima kabisa nukta zilizo nyeusi, kwa hiyo mandhari meusi huokoa chaji kweli. Kwenye skrini za LCD ni pambo tu.

Kuna na mtandao, ambao hakuna kampuni ya simu itakayokuondolea. Wengi Nairobi tuna laini mbili, Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na Airtel kwa ajili ya bando. Simu inashikilia minara miwili kwa wakati mmoja, na pale mawimbi yanapokuwa hafifu, kama kwenye maegesho ya chini ya majumba ya Westlands, inapaza nguvu ili isikike. Ukiona simu ina joto mfukoni hali hujaigusa, anza kwa kuizima laini usiyoitumia.

Sasa iPhone, kwa sababu najua kuna msomaji ameruka aya zote akiitafuta. Kwa wengi wetu iPhone maana yake ni iliyotumika Uingereza au Dubai. iPhone 11 ilitoka kiwandani na betri ya 3,110 mAh na iPhone 13 kama 3,240. Chipu zake hazina ulafi, kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja na 5,000 ya Android. Ila iPhone 13 iliyobaki na asilimia 80 ya betri ina kama 2,590, na hiyo haimfikishi anayeshinda mjini hadi usiku. Asilimia inayoonyeshwa kwenye mipangilio si ushahidi kamili, kwa kuwa mafundi wenye kifaa chake wanaweza kuipandisha. Tazama pia kama kuna tangazo la sehemu isiyotambulika. Apple haina duka lake Kenya, na nchini Marekani hutoza dola 89 kubadilisha betri ya iPhone 13. Fundi anayekuambia atakuwekea ile ya orijino kwa robo ya bei hiyo ajieleze ameipata wapi.

Kuhama kunazo gharama nyingine ndogo zisizoonekana kwenye bango. Apple iliacha kutia kichwa cha chaja ndani ya boksi mwaka 2020, na Samsung ikafuata. iPhone 14 na za nyuma yake zinataka waya wao wenyewe. Chaja ya kasi ya kampuni moja mara nyingi hupiga polepole kwenye simu ya nyingine. Kubeba mazungumzo ya WhatsApp kutoka Android kwenda iPhone kunawezekana lakini kunataka utulivu wa jioni nzima, na programu za benki zitataka uzisajili upya. M-Pesa haina shida, inakaa kwenye laini.

Kwenye simu za kulipa polepole nitakuwa mkali. Safaricom ilipoanza Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mvuto wake ulikuwa shilingi 20 kwa siku, na M-KOPA imewafikishia simu watu ambao wasingezipata kwa njia nyingine. Hilo ni jema kwa asiye na simu. Kwa mwenye simu inayotaka betri tu, piga hesabu: tuseme amana ni 4,000 na malipo 75 kila siku kwa mwaka mmoja. Ni 31,375 kwa kitu ambacho pengine taslimu ni 20,000. Ukikosa malipo simu hufungwa, hata betri yake ikiwa imejaa pomoni.

Pawabanki ni njia ya kati, na kwa mwendesha boda huenda ndiyo njia bora. Lakini ile iliyoandikwa 10,000 mAh haitakujazia simu ya 5,000 mara mbili; nishati hupotea ikibadilishwa volti, na utapata kama mara moja na kidogo zaidi. Umeme wenyewe ni wa bure kwa kadiri fulani: kujaza betri ya 5,000 mAh ni kama sehemu ya arubaini ya uniti moja, chini ya shilingi moja hata uniti ikiwa 30.

Hukumu yangu basi. Simu ina zaidi ya mwaka na nusu na vingine vyote vinafanya kazi: betri mpya, kituo rasmi. Haijatimiza mwaka: irudishe kwenye waranti kabla hujaiuza kwa hasara. Lazima uhame: pita jina la kampuni, uliza chipu, na usinunue ya nanomita 12 kwa zaidi ya bei ya chini kabisa ya duka. Kati ya nilizotaja ningechukua Galaxy A15, kwa kuwa Samsung iliiahidi miaka mitano ya masasisho ya usalama. Na popote utakapolipia, usiondoke bila risiti yenye namba ya IMEI ya simu hiyo hiyo uliyoishika.