Nambari za Aya Katika Hati za Mahakama: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kutoka Saiba

Mkazi wa Thika au Ruiru anayeendesha kesi ya madai bila wakili, iwe ya shamba, kodi ya nyumba au deni, mara nyingi hupitia saiba ili hati zake zichapwe na kupigwa skani. Mfumo wa Idara ya Mahakama wa kuwasilisha hati kwa njia ya mtandao ulianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na tangu Machi 2024 umeenezwa hadi mahakama za nchi nzima. Karani hapokei tena bahasha, anapokea faili. Na katika faili hiyo, nambari za aya zinaweza kumgharimu mwenye kesi kuliko anavyodhani.

Agizo la 19 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 linataka hati ya kiapo iandikwe kwa nafsi ya kwanza na igawanywe katika aya zenye nambari zinazofuatana, kila aya na jambo lake. Hati ya madai nayo hupangwa hivyo. Anayejibu hushika nambari hizo: anakanusha aya ya 4, anakubali ya 5, anaeleza upande wake kuhusu ya 6. Chini ya Agizo la 2, dai ambalo halikukanushwa mahususi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Chukulia mpangaji wa Makongeni anayedaiwa kodi ya Sh80,000, na deni hilo limetajwa katika aya ya 7. Utetezi wake ukikanusha aya ya 4, 5 na 6 pekee kwa sababu mchapaji alikosea kuhesabu, deni lenyewe limeachwa bila jibu. Hati inaweza kurekebishwa baadaye, lakini hiyo ni safari nyingine ya mahakamani.

Nambari huharibika hasa zinapochapwa kwa mkono. Mwenye kesi anakumbuka jambo, aya mpya inaingizwa katikati, na zilizo chini yake zinabaki na nambari za zamani. Dawa ni kuiachia kompyuta ihesabu. Katika Word au LibreOffice, mchapaji abonyeze kitufe cha orodha yenye nambari kuanzia aya ya kwanza, si kwenye jina la mahakama wala majina ya wahusika. Hesabu ikirudi 1 baada ya kichwa kidogo, katika Word abonyeze kitufe cha kulia cha mausi juu ya nambari hiyo, kisha achague "Continue Numbering".

Hata hivyo, kompyuta haitarekebisha maneno "kama nilivyoeleza katika aya ya 9" yaliyochapwa kwa kawaida. Aya hiyo ikiwa ya 10, sentensi itaendelea kusema 9. Njia rahisi ni kubonyeza Ctrl na F, kutafuta neno "aya", kisha kukagua kila mahali linapotokea. Kazi hii ifanywe kabla ya kwenda kwa kamishna wa viapo. Hati ikishaapwa, kubadilisha ukurasa kimyakimya ni kubadilisha kiapo.

Kwa anayekata rufaa kuna nambari za aina nyingine, za mistari. Kanuni za Mahakama ya Rufaa zinataka kila mstari wa kumi katika kurasa za rekodi ya rufaa uonyeshwe pembeni, upande wa kulia, ili jaji na mawakili waangalie mahali pamoja bila kupapasa. Katika LibreOffice, mpangilio huu uko chini ya "Tools", kisha "Line Numbering": weka 10, chagua upande wa kulia, na hesabu ianze upya kila ukurasa. Word ina "Line Numbers" chini ya "Layout", ila kwa kawaida huziweka kushoto, na haihesabu mistari iliyo ndani ya jedwali. Kwa kazi hii LibreOffice ina nafuu, na haiuzwi.

Baada ya hapo hati igeuzwe kuwa PDF kwenye kompyuta ileile iliyotumika kuichapa. Faili ya Word ikifunguliwa kwenye mashine isiyo na mwandiko uleule, mistari inaweza kuhama, na mstari wa 20 ukajikuta ukurasa mwingine. Mwenye kesi aisome PDF yenyewe, si kile kilichoko kwenye skrini ya mchapaji.

Kuna mpaka ambao wateja wa saiba wanapaswa kuufahamu. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 34, inamkataza mtu asiye na sifa za uwakili kupokea maelekezo na kutayarisha hati za kesi, au kulipwa kwa kazi hiyo. Kunakili au kuchapa kilichokwisha kuandikwa ni jambo jingine. Kwa hiyo mkazi afike saiba na maandishi yake tayari, na mchapaji anayejitolea "kuongezea maneno ya kisheria" aambiwe ahsante, hapana. Aliyekwama kuhusu utaratibu aulize katika masjala ya mahakama, na asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.