Gari Huchemka Lini?

Msafiri atokaye Wang'uru, katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, akielekea Nyeri kwa njia ya Makutano, Sagana na Karatina, hupanda kutoka kimo cha takriban mita 1,200 hadi takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na aghalabu ni katika kupanda huko ndipo mshale wa joto huinuka, mvuke ukafuka chini ya boneti, na dereva akalazimika kusimama kando ya njia. Hasara kubwa huja baadaye, kwa sababu ya pupa: fundi wa kwanza huuza thamostati, wa pili hubadili pampu ya maji, wa tatu hufungua silinda hedi, ilhali hakuna hata mmoja aliyeuliza swali lililo msingi wa kazi yote, nalo ni, gari hili huchemka lini?

Likichemka likiwa limesimama, kisha likapoa likishika mwendo, tuhuma ya kwanza ni feni, maana gari lililotulia halina upepo mwingine ila huo. Lakini likichemka mlimani likiwa na mzigo, na hali feni inazunguka sawasawa, basi moto uzalishwao na injini umeshinda uwezo wa rejeta kuutoa. Nasi wa Mwea tuna sababu zetu. Vumbi na pumba za vinu vya mpunga hujipachika baina ya mapezi ya rejeta hata hewa isipite. Na ndani yake huganda tope la mifereji, ile mifereji iliyoanza kuchimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, ambayo hadi leo huleta maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Maji hayo ni riziki ya mpunga, lakini dereva ayachotaye kwa jerikeni na kuyamimina katika rejeta huingiza udongo na chumvichumvi, kisha kutu hukamilisha yaliyosalia. Ithibati hupatikana bila gharama: injini ikishapata moto, izimwe, kisha mkono uipapase rejeta kwa hadhari, mbali na feni, kwani feni ya umeme huweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa. Palipo baridi katikati ya joto ndipo palipoziba.

Kuna kitu kidogo kidharauliwacho mno, nacho ni kifuniko cha rejeta. Kila tupandapo takriban mita 300, chemko la maji hushuka kwa digrii moja hivi, hata maji yachemkayo kwa digrii 100 Mombasa huchemka Nyeri kwa takriban 94, ilhali thamostati nyingi hazianzi kufunguka kabla ya digrii 82, na nyingine hungoja 88. Nafasi iliyosalia ni finyu. Kifuniko kizima hubana maji kwa nguvu hata chemko likapanda kwa zaidi ya digrii 20. Kwa hiyo yule afungaye kifuniko kibovu kwa karatasi ya nailoni ameuondoa ulinzi huo wote, kisha akailaumu injini. Wala kisifunguliwe kamwe kikiwa moto, kwani maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso.

Gasketi ya hedi ishukiwe pale tu mpira wa maji unapokakamaa mara baada ya kuwasha injini iliyo baridi, au mapovu yakizidi kupanda ndani ya rejeta, au oili ikigeuka rangi ya maziwa.

Katika hitilafu za umeme pia, swali ni lilelile: lini? Gari likikataa kuwaka alfajiri, wengi hukimbilia kununua betri mpya, ambayo nayo hufa baada ya majuma machache. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa huonyesha takriban volti 12.6; injini ikinguruma, altaneta nzima huipandisha baina ya 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13, maradhi yamo katika altaneta, mkanda wake au nyaya zake. Na ikiwa vipimo vyote viwili ni vyema lakini stata huzunguka kwa uchovu, volti ipimwe baina ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini, stata ikiwa inazunguka: ikipita nusu volti, waya wa ardhi umeliwa na kutu. Udongo wetu mweusi hushika unyevu muda mrefu, na nimeuona ukiufunika waya huo hata usitambulike. Dawa yake ilikuwa brashi ya chuma na spana moja.

Basi, ndugu msomaji, ufikapo gereji, mweleze fundi saa, mahali na mzigo gari lilipokushinda, kisha umwombe akuonyeshe kipimo kabla hujamlipa kifaa.