Jiwe Litangulialo Sayari

Msomaji aliye Shume akikitazama Kilimia usiku usio na ukungu, na ajue ya kuwa mwaka 2025 sayari ya Uranus ilikuwa karibu na hapo. Ni vigumu kuiona kwa macho matupu, maana toka jua hata huko ni maili zipatazo milioni 1,800. Huzunguka jua mara moja kwa miaka 84. Mtoto azaliwaye leo atakuwa mzee wa mkongojo itakaporudi mahali pale pale.

Twapenda kueleza habari za jiwe lipitalo njia hiyo hiyo. Mtu akisikia ya kuwa jiwe na sayari hushiriki njia moja, mara hufikiri kuwa siku moja vitagongana, na mwalimu hana budi kuulizwa hivyo na wanafunzi wake.

Tutazame mafiga matatu jikoni. Yakipangwa vema, nafasi ya figa na figa ni moja. Basi figa moja na liwe jua, la pili Uranus, la tatu jiwe letu. Hayo mawili huzunguka lile la jua, jiwe likiwa mbele, wala mpango wa mafiga hauvunjiki. Hivyo jiwe li mbali na Uranus sawa na Uranus ilivyo mbali na jua! Hesabu ya jambo hili ilitolewa mwaka 1772 na Joseph-Louis Lagrange: mahali pale, mvuto wa jua na mvuto wa sayari, ikishirikiana, hukifanya kitu kidogo kizunguke kwa muda ule ule wa sayari. Kikisukumwa kidogo hakiendi zake, bali hutangatanga papo hapo kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu.

Miaka 134 ilipita ndipo Max Wolf, huko Heidelberg katika Ujerumani, alipoona jiwe la namna hiyo katika njia ya Mshtarii, mwaka 1906. Sasa ya Mshtarii yajulikana zaidi ya 10,000.

La Uranus lilionekana mwaka 2011 kwa darubini kubwa iliyo juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii. Mahali pamoja pa mbingu palipigwa picha tena na tena; nyota zilikaa, jiwe likasogea. Habari zake zilitangazwa mwaka 2013. Upana wake hukadiriwa maili 37, kupita njia ya Mombo mpaka Lushoto. Jina lake ni 2011 QF99. Sisi tungalilipa jina jema zaidi.

Lakini jiwe hilo ni mgeni, si mwenyeji. Mshtarii na Zohali huvuta pia, na kwa hesabu za wataalamu litakaa hapo miaka 70,000 au zaidi, kisha litaondoka.

Hata dunia yetu inalo la namna hiyo, liitwalo 2010 TK7, lipatalo upana wa futi 1,000, nalo hututangulia. Lilipojulikana, wataalamu walihesabu ya kuwa kwa miaka 100 halitatukaribia kupita maili milioni 15.