Pikapu ya kuinuliwa juu: inapita matope, lakini mzigo je?



Mwezi uliopita, kisha mkutano wa sindika, mwenzetu moja alinivuta kando. Amemaliza miaka 18 ya kazi na décompte final yake imeingia ku banki. Anataka kununua pikapu ya kubeba mzigo: makala na mahindi kutoka pori, simenti kwa wenye kujenga, na siku zingine kuvuta kompresere ya wachimbaji. Alikuwa ameisha kuchagua. Ni Land Cruiser nyeupe, imeinuliwa juu, na pine kubwa sana. Pembeni yake kulikuwa ingine ya namna ileile, lakini ya chini kama ilivyotoka ku fabriki. Ile ya juu bei yake ilipita, juu ya urefu tu.

"Delege, angalia vile imesimama," akaniambia. "Hii hakuna njia itaishinda."

Bibi yake alikuwa pale. Akauliza neno moja: "Inabeba magunia ngapi?"

Sisi wote tukanyamaza. Ni juu ya lile ulizo ninaandika leo, sababu najua si yeye peke yake ambaye pesa ya miaka mingi inaweza kuishia ku garaji.

Urefu hauongezi kilo

Kila gari ina uzito wake wa mwisho, ule wa-Fransa wanaita PTAC. Mara nyingi umeandikwa ku kiplaki cha chuma, ao katika karatasi za gari. Ni uzito wa vyote pamoja: gari, watu, mafuta na mzigo. Ukitosha uzito wa gari tupu, kile kinachobaki njo ruhusa yako.

Tufanye hesabu. Tuseme PTAC ni kilo 3 100, na gari tupu ni kilo 2 100. Inabaki 1 000. Tosha shofere na msaidizi, kilo 150. Inabaki 850, ni kusema magunia 17 ya simenti ya kilo 50. Sasa ile ya kuinuliwa: ongeza pine nzito, vyuma vya mbele na vya juu ambavyo watu wanapenda kufungia gari za namna hii, tuseme kilo 120. Umebakia na 730. Ni magunia 14. Umelipa zaidi, na kila safari unaacha magunia 3 chini.

Sababu iko wazi. Anayebeba mzigo ni ponti, shasi, freni na roda. Kuinua hakubadilishi hata kimoja. Mara nyingi fundi anaweka kipande cha chuma kati ya lame na ponti, basi. Hata ukiongeza lame mpya za nguvu, gari haitalala tena nyuma, na ile ni kitu kizuri, lakini PTAC inabaki palepale.

Pine kubwa inakula nguvu

Ukitosha pine ya sentimeta 80 na kuweka ya 90, kila mzunguko gari inaenda mbali zaidi. Watu wanafurahi. Lakini motere ni ileile, na nguvu inayofika chini inapunguka karibu sehemu moja juu ya tisa. Ku mlima na mzigo, shofere atashusha vitesi mara kwa mara, ambreyaji itaungua mbio, mafuta yataisha mbio. Kontere nayo inadanganya: inaonyesha 60, na wewe unaenda 67.

Na freni? Kadiri pine iko kubwa, ndivyo freni inatumika nguvu kuisimamisha. Bila mzigo hautaona tofauti kubwa. Na toni moja nyuma, ku mteremko, utaiona wakati hakuna nafasi tena.

Remorke inataka kulala sawa

Remorke ya kompresere inapashwa kusimama sawa na barabara. Kama kroshe ya gari iko juu sana, pua ya remorke inapanda na uzito unarudi nyuma. Karibu kilo 10 juu ya kila 100 za remorke zinapashwa kulala ku kroshe. Kwa remorke ya toni moja ni kilo 100, na zile pia zinahesabiwa ku mzigo wa gari. Zikipunguka, remorke inaanza kucheza mukia, kushoto na kuume, na inavuta gari pamoja nayo. Kama gari imeinuliwa, unahitaji kroshe ya kushuka, iliyofanywa ku atelie ya kweli. Kusoudé kipande cha chuma ku kona ya mtaa ni hatari.

Tusisahau mugongo. Kupandisha gunia la kilo 50 sentimeta 10 ao 15 zaidi ni kitu kidogo kwa gunia la kwanza. Muulize msaidizi ku gunia la makumi tatu. Sisi watu wa shimo tunajua: mugongo haina pièce ya kununua ku magazini.

Watu juu ya mzigo

Hapa nasema kama delege na kama mtu aliyeona. Miaka mingi nyuma tulipelekwa ku kazi nyuma ya pikapu ya kuinuliwa, watu nane, tumeikala juu ya magunia na vyombo. Ku kona moja gari ililala upande. Haikupinduka, lakini wawili walirushwa, na moja alivunjika mguu. Shofere hakukuwa mbio. Gari juu, mzigo juu ya gari, watu juu ya mzigo: ule uzito wote uko mbali na udongo, na kona ndogo inatosha. Hata makala, yenye kuwa mepesi, yakipangwa juu sana yanaweza kuangusha gari ya namna hii.

Patron akikutumia gari ya namna ile kukupeleka ku kazi, kataa, na uite delege wako. Tena usikatae peke yako, mukatae wote pamoja.

Sasa, kuinua hakuna faida?

Faida iko. Tangu mwezi wa 11 mpaka wa 4, mvua inaharibu njia zetu zisizo na lami, na tumbo la gari linagusa udongo. Kwa gari inayotembea na watu wawili na vyombo kidogo, kuinua kidogo kunasaidia. Lakini mujue jambo moja: resori zinainua mwili wa gari tu. Ponti inabaki palepale ilipokuwa. Ni pine tu inayoinua ponti, na pine iliyozidi sentimeta 10 inakupa sentimeta 5 tu. Kwa mwenye kubeba, pine za meno mazuri katika kipimo cha fabriki, petite vitesse inayofanya kazi, mpanyi, mbao mbili na mzigo wenye kiasi vinapita matope mengi.

Ukienda kununua, soma kiplaki. Lala chini, tafuta vipande vya chuma kati ya lame na ponti. Angalia shasi kama imesoudéwa. Jaribu freni na mzigo, si tupu. Na enda na makanisien wako, usiende na wa muuzaji.

Tulirudi ku garaji siku ya posho: mwenzetu, bibi yake, mimi na makanisien. Walitwaa ile ya chini, na pesa iliyobaki wakanunua pine nne na freni mpya. Muuzaji alicheka: "Ile haina heshima ku barabara." Mama akamjibu: "Heshima yangu ni bukari ku meza."

Wiki hii amebeba simenti mara tatu, magunia 17 kila mara.